Kwa nini treni ya 6 ilirudishiwa mabehewa ya zamani?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nilihamia Bronx, New York, mwaka 2011, karibu na Parkchester, na tangu hapo napanda treni ya 6 kwenda kazini Manhattan. Wakati ule mabehewa yalikuwa ya kisasa: sauti inakutajia stesheni, ukutani kuna ramani yenye taa. Baada ya miaka michache yakatoweka, tukaletewa ya miaka ya themanini. Rafiki yangu wa Queens anayepanda treni ya 7 anasema kwao ilikuwa kinyume, walikuwa na makuukuu wakapewa mapya. Nani anaamua mambo haya, na kwa nini sisi turudishwe nyuma? Mtaani wanasema ni kwa sababu Bronx ni maskini. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Macho yako hayakukudanganya, wala ya rafiki yako. Ila mlipokuwa mkilinganisha nadhani kuna jambo liliwapita: mabehewa anayoringia yeye, mengi yao ni yale yale uliyokuwa ukipanda wewe. Hayakutoweka. Yaliingizwa karakana, yakafungwa vifaa, yakahamia Queens. Na haya unayoyalalamikia leo, mengi yametoka kwake. Mlibadilishana, bila mmoja wenu kuulizwa.

Nianze na majina, maana bila majina tutapotezana. Mabehewa ya New York huitwa kwa herufi R na namba ya mkataba ulioyanunua. Uliyoyakuta mwaka 2011 ni R142A, kazi ya Kawasaki, yaliyoanza kubeba abiria mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unayopanda sasa ni R62A, ya Bombardier, yaliyojengwa kati ya 1984 na 1987. Anayopanda rafiki yako yanaitwa R188, na jina hilo ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu linasikika kama gari jipya kabisa.

R188 ziko 506. Kati ya hizo, mapya ya kweli, yaliyotoka kiwandani na jina hilo, ni 126 tu. Yaliyobaki 380 ni R142A zilizofanyiwa ukarabati na kubatizwa upya. Treni yako ya 6 ina mabehewa 10, ya rafiki yako ina 11. Basi walichukua treni 38 za mabehewa kumi kumi, wakaiongezea kila moja behewa moja jipya, hapo ni mapya 38. Mapya 88 yaliyobaki wakayaunga kuwa treni 8 kamili. Thelathini na nane na nane ni arobaini na sita, na arobaini na sita mara kumi na moja ni 506. Mimi hesabu hii huipenda, kwa sababu inakuonyesha wazi kwamba aliyeipanga hakukaa akafikiri nani apewe raha. Alikuwa na njia moja inayodai treni 46 za aina fulani, na mfuko usiotosha kununua zote.

Sasa kwa nini njia ya 7 ilizidai? Kwa sababu ya ishara. Mfumo wa zamani wa ishara hukata njia vipande vipande. Treni ikiwa ndani ya kipande, taa za nyuma yake hubaki nyekundu, na inayofuata inasubiri hata kama ya mbele imeshafika ukingoni. Mfumo haujui treni iko wapi hasa. Unachojua ni kwamba humu ndani kuna kitu. Mfumo mpya, CBTC, huzungumza na kila treni kwa redio na kujua ilipo kwa usahihi zaidi, hivyo treni zinaweza kufuatana kwa karibu na nyingi zaidi zikapita kwa saa. Njia ya L ndiyo iliyotangulia kuupata, ikafuata ya 7, ambayo kazi yake ilikamilika 2018. Zilichaguliwa hizo kwa sababu kila moja ina reli zake peke yake. Haichangii na treni nyingine. Ukianza na njia inayochangiwa, itakubidi ubadilishe treni za njia tatu au nne kwa mpigo.

Masharti ya CBTC hayana huruma. Treni isiyo na kompyuta ya kuzungumza na mfumo ni kama kipofu aliyeingia kwenye msafara: kila aliye nyuma yake lazima apunguze mwendo na kuacha nafasi kubwa. Huwezi kuweka nusu mpya nusu ya zamani ukapata faida uliyoilipia. Inabidi zote ziwe nayo. R62A, zenye mota na vidhibiti vya teknolojia ya miaka ya themanini, zingegharimu sana kufungwa vifaa hivyo, tena kwa gari ambalo maisha yake mengi yako nyuma. R142A zilikuwa na miaka kama kumi hivi, na mifumo yake tangu mwanzo ilikuwa ya kielektroniki. Ndipo kati ya 2013 na 2016 zikaondoka kwako taratibu, treni moja moja, na R62A zikawa zinashuka upande wako kadiri zilivyopokelewa kule.

Utasema, basi wangenunua 506 mapya, kila mtu akabaki na yake. Wangeweza. Lakini R62A zilizotoka kwenye 7 zilikuwa bado nzima. R62A si gari bovu. Kwa umri wake lina rekodi nzuri, na mwili wake ni wa chuma kisichoshika kutu. Kutupa mamia ya mabehewa yanayotembea ili abiria wa njia moja asikose ramani ya taa, hakuna mkaguzi wa fedha ambaye angekubali. Na kama hayatupwi, lazima yaende mahali.

Kwa nini yaje kwenu na si kwingine? Hapa historia inachekesha kidogo. R62A zilikuwa za 6 tangu zamani. Njia yako ilizitumia tangu miaka ya themanini hadi miaka ya tisini. R142A zilipokuja, ndipo R62A zikapelekwa Queens kwenye njia ya 7, kuyaondoa mabehewa mekundu ya zamani yaliyoitwa Redbirds. Hayo yalikuwa ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, na kutu ilikuwa imeshayala. Ya mwisho yalibeba abiria kwenye 7 mwezi Novemba 2003. Zaidi ya 1,200 ya aina hiyo yalizamishwa baharini, mengi pwani ya Delaware, yawe makazi ya samaki. (Ndiyo, samaki wanaishi ndani ya treni za New York, na hawalipi nauli.) Kwa hiyo enzi zile rafiki yako ndiye aliyekuwa anavalishwa nguo zilizomwacha kaka yake, na kaka mwenyewe ulikuwa wewe, au tuseme waliokutangulia Parkchester. Karakana ya Westchester inayohudumia treni ya 6 ilikuwa inazijua R62A. Zilirudi nyumbani.

Nimetaja karakana, na hapo ndipo abiria wengi hawapaangalii, ilhali ndipo mambo mengi yanapoamuliwa. Abiria anaona njia. Mpangaji anaona karakana. Kila njia ina karakana moja au mbili inakolala na kutibiwa, na kila aina ya behewa inadai vipuri vyake, vipimo vyake, na mafundi waliofundishwa kwayo. Karakana yenye aina moja ya gari hufanya kazi vizuri kuliko yenye aina tatu, hata kama hizo tatu ni mpya zaidi. Nimewahi kufanya kazi na fundi aliyekuwa anasimama jukwaani treni ikiingia, anasema "hilo la tatu, mlango wa kushoto", na hajakigusa kitu. Umri wa magari ulikuwa miaka thelathini na kitu, na yeye alikuwa nayo miaka ishirini. Ukimhamishia gari geni, ujuzi ule wote unabaki njiani.

Nikupeleke karakana asubuhi uone. Chukua njia ya kubuni: dakika 60 kwenda, 60 kurudi, na dakika 10 za kupumua kila mwisho. Mzunguko ni dakika 140. Ukitaka treni kila dakika 4 saa za msongamano, unahitaji treni 35. Zikiwa na mabehewa 10 kila moja, ni 350. Huwezi kuwa na 350 kamili, kwa sababu kila siku kuna yaliyo kwenye ukaguzi, yanayochongwa magurudumu, yanayosubiri kipuri. Ongeza akiba, tuseme asilimia 15 kwa gari lililo imara, unapata mabehewa zaidi ya 400. Gari likizeeka, asilimia hiyo inapanda, na abiria haoni kitu mpaka siku akiba inapokwisha.

Siku hiyo nimeiona, kwenye mtandao ambao sitautaja. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Msimamizi wa zamu alikuwa na karatasi iliyodai treni 35 kabla ya saa mbili asubuhi, na kwenye reli za karakana alikuwa na 34 nzima. Ya thelathini na tano ilikuwa na behewa moja ambalo mlango wake haukubali kufunga. Behewa moja tu. Lakini magari yale, kama R62A zenu, yamefungwa pamoja matano matano. Haliondoki moja bila mengine manne. Miaka ya nyuma ungelikata lile bovu ukaingiza jingine kwa nusu saa. Ukiyafunga pamoja unaokoa matengenezo, lakini unapoteza uhuru huo: mlango mmoja unafungia mabehewa matano. Msimamizi aliangalia saa, akaangalia ratiba, akafuta safari moja, ile ya kuondoka saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Kule stesheni watu walisimama dakika nane badala ya nne, na nina hakika walimlaani dereva wa treni iliyofuata, ambaye hakuwa na habari.

Ndiyo maana mpangaji akiwa na magari yaliyochoka huyatafutia mahali ambapo hayatatakiwa yote kwa wakati mmoja, au ambapo udhaifu wake hautamuumiza mtu. Mfano ninaoupenda ni wa R32. Haya yalijengwa na Budd ya Philadelphia mwaka 1964 na 1965, na kufikia 2011 mengi yalikuwa kwenye treni ya C. Viyoyozi vyake vilikuwa taabani. Sasa C haitoki chini ya ardhi kabisa, kuanzia mtaa wa 168 hadi Euclid Avenue, na majira ya joto hewa ya handakini ni kama ya jikoni: kiyoyozi kinatupa joto nje, na nje hakuna pa kulipeleka. Treni ya J, kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya safari yake inapita juu ya nguzo, hewani. Wakabadilishana. R32 zikaenda J zikapate upepo, na R160 zilizo mpya zikaja C. Gari ni lile lile bovu, lakini limewekwa mahali ambapo ubovu wake unapungua makali.

Na ubadilishanaji ule uliwezekana kwa sababu ya kipimo. Njia zote mbili zilikuwa zinatumia treni za mabehewa manane ya futi 60. Ingekuwa C imejaa R46, zenye futi 75, mpango ungekufia mezani, maana behewa la futi 75 halipiti kona za njia ya J. Likilazimishwa, tumbo lake litakwaruza ukuta. Hiyo ndiyo sababu J, L na M haziwezi kabisa kurithi R46 au R68, hata ziwe zimelala bure.

Kwenu kuna ukuta mgumu zaidi. Pengine umeona R211 mpya zinazopita kwenye A tangu 2023 na kwenye C tangu 2024 ukajiuliza kwa nini hazifiki Bronx kwenye 6. Haziwezi. Treni za namba hupita kwenye mahandaki ya kampuni ya zamani ya IRT, iliyofungua njia yake ya kwanza mwaka 1904, na mabehewa yake hayafiki futi 9 kwa upana. Treni za herufi zina futi 10. R211 ikijaribu kuingia stesheni yako itakula ukingo wa jukwaa. Hii ni mitandao miwili iliyooana ukubwani, na vitanda havilingani. Fedha ikienda kwa magari ya herufi, hata iwe nyingi kiasi gani, kwako haishuki tone.

Usidhani pia kwamba kikongwe ndicho huondoka kwanza. R44 zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wadogo wa R32 kwa miaka kadhaa, na mpango ulikuwa zibaki R32 ziondoke. Zilipochunguzwa vizuri, karibu na 2010, zikakutwa na uharibifu kwenye miili yake. Zikaondolewa kwenye treni za chini ya ardhi mwaka huo huo, na wazee wao wenye miili ya chuma kisichoshika kutu wakaendelea. R32 waliagwa rasmi Januari 2022, wakiwa na umri wa miaka 57. Uso wa gari haukuambii kitu. Kipimo tunachotazama ni umbali wa wastani kati ya hitilafu moja na nyingine: kwa gari lililochoka ni makumi ya maelfu ya maili, kwa R160 ni mamia ya maelfu.

Nije kwenye umaskini, swali ambalo sitaki kulikwepa.

Wanaosema hivyo mtaani hawajatoa maneno hewani. Marekani ina historia ya kupeleka kibovu kwa mnyonge, ndiyo sababu sheria inaligusa jambo hili waziwazi. Sura ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi na asili kwenye huduma zinazopokea fedha ya serikali kuu, na mwongozo wake wa usafiri wa 2012 unazitaka mamlaka ziwe na sera ya maandishi ya jinsi magari yanavyogawiwa kwenye njia. Kwa maneno mengine, una haki ya kuuliza gari lako limefikaje kwako, na wana wajibu wa kuwa na jibu.

Lakini kwa hili la 6 na 7, ushahidi haukubaliani na mtaa. Treni ya 1 inapita chini ya Broadway, Upper West Side, kwa watu wenye nyumba ambazo mimi na wewe tutaziangalia kwa nje. Nayo inatembea na R62A kama zako. Treni ya 3 inayopita nayo hapo ina R62, ambazo zilitangulia kidogo. Wakati huo huo 2 na 5, zinazokata Bronx yenyewe, zilipewa R142, za kizazi kimoja na R142A, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na bado zinazo. Na Queens ya njia ya 7, Jackson Heights hadi Flushing, ni mitaa ya wahamiaji wanaofanya kazi kama wewe. Kama kulikuwa na mtu anayegawa kwa kuangalia pochi, alikuwa hajui kazi yake.

Ninapowalaumu ni kwenye kitu kingine. Mabehewa yale yalipoondoka, abiria wa 6 walipoteza kitu halisi. Asiyeona alikuwa anatajiwa stesheni kwa sauti safi. Sasa anategemea kondakta, na unajua mwenyewe kondakta wengine wanavyotangaza kama wanatafuna muwa. Asiyesikia alikuwa anasoma ramani ya taa. Sasa anachungulia dirishani. Hasara hiyo ilistahili kuelezwa kwa bango kwenye kila stesheni: tunachukua treni zenu kwa sababu hii, mtarudishiwa mpya karibu na wakati huu. Mtu akielezwa anavumilia. Asipoelezwa anatafuta sababu mwenyewe, na anaipata.

Ukitaka kugombana, basi, usigombane na anayegawa. Yeye ni mpishi aliyeletewa unga kilo mbili na wageni ishirini. Gombana na ratiba ya ununuzi. Magari ya njia za namba yalinunuliwa kwa mawimbi: wimbi moja 1983 hadi 1987, jingine kuanzia 1999 hadi 2003, kisha yale 126 ya R188, basi. Ukinunua kwa mawimbi, magari yanazeeka kwa mawimbi, na yanadai kubadilishwa yote siku moja. R62 na R62A zimeshavuka miaka 35, na warithi wake walioko kwenye mipango wameshapewa jina, R262. Mipango ya uwekezaji hupangwa kwa miaka mitano mitano na vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Ukienda, usiulize "kwa nini tuna magari ya zamani". Uliza R262 za kwanza zitapelekwa karakana gani, na kama njia ya 6 iko kwenye orodha ya CBTC kabla au baada ya hapo. Wakikujibu hayo mawili, utakuwa umejua utapanda nini miaka kumi ijayo.

Na siku ukienda Queens kumtembelea rafiki yako, angalia namba iliyoandikwa ndani ya behewa. Namba hazikubadilishwa wakati wa ukarabati. Ikiwa iko kati ya 7211 na 7590, mwambie asogee kidogo, hicho kiti inawezekana ulikikalia wewe kwanza.